Anataka kubuni vitu, mama anataka daktari

Wiki iliyopita nilikuwa Nyamisati nikisubiri boti ya kuingia delta. Kivuko cha Mafia kilikuwa kimeshaondoka, gatini wamebaki wachuuzi wa kamba na mama mmoja anayeuza chai na vitumbua. Aliposikia naandika habari za afya, akaniuliza swali nililorudi nalo hadi Dar es Salaam.

"Mwanangu, hii kusomea kuchora vitu ni kazi gani?"

Kijana wake amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB. Miaka yote mama amejinyima akijua analea daktari. Sasa kijana anataka kusomea ubunifu wa bidhaa chuo kikuu. "Vikombe," mama akasema, akacheka kicheko kisicho na furaha.

Nikamuomba kijana daftari lake. Vikombe sikuviona. Alikuwa amechora machela. Huko delta mjamzito akizidiwa usiku huletwa kwa mtumbwi, na maji yakipwa chombo hukwama kwenye tope la mikoko. Machela ya hospitali imetengenezwa kwa sakafu ya saruji. Kwenye mtumbwi mwembamba haikai, basi mgonjwa analazwa juu ya mbao zilizolowa. Ya kijana inakunjika, na ina mikanda ya mabegani ili wabebaji wasiteleze wakiwa topeni. Bado ni penseli tu.

Nikamwambia mama, kazi yenyewe ndiyo hiyo: unamtazama mtu anavyohangaika na kitu, unakichora upya, unakiunda hata kwa maboksi, unampa akijaribu, unagundua umekosea, unaanza tena. Pale Uganda, Brian Gitta na wenzake walikuwa wanafunzi wa Makerere walipoanza kubuni Matibabu, kifaa cha kupima malaria bila kutoboa kidole. Mwaka 2018 kikampa Gitta Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi. Na Gitta alisomea kompyuta!

Shahada ya ubunifu yenye tawi la bidhaa ipo Chuo Kikuu cha Nairobi, lakini Nairobi ni mbali na mfuko wa vitumbua. Hapa nyumbani njia ya karibu ni uhandisi wa vifaa tiba, unaofundishwa Muhimbili na DIT. Asome mwongozo wa TCU mstari kwa mstari, hasa masharti ya Hisabati, maana PCB inaweza kumkwamisha hapo. Mkopo aombe mapema.

Sikumdanganya mama kwamba ajira inamsubiri. Lakini hata madaktari siku hizi wanahitimu na kukaa nyumbani.

"Nani atainunua hiyo machela?" akauliza. Sikuwa na jibu. Kijana akasema ataanza na muuguzi wa zahanati, waijaribu pamoja.

Boti ikaita. Mama alikataa hela ya chai, kisha akamgeukia mwanawe: "Irefushe. Yule wa mwisho niliyemsindikiza, miguu ilining'inia majini."