Mikutano Peke Yake Haitengenezi Programu

Mnamo Februari 2001, mabingwa 17 wa kazi ya programu za kompyuta walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah, Marekani, wakatoa tamko fupi la kupinga desturi ya kupanga kazi yote tangu mwanzo, kana kwamba mteja hatabadili nia kamwe. Walikuwamo Ken Schwaber na Jeff Sutherland, waasisi wa utaratibu uitwao Scrum, na Kent Beck, mwasisi wa Extreme Programming. Tangu hapo Scrum imeenea mno, hali mbinu za Beck zimeachwa kando na vikundi vingi. Hilo ni kosa.

Scrum huigawa kazi katika awamu zisizozidi mwezi mmoja. Kikundi hukutana kila siku kwa dakika 15, na mwisho wa awamu kazi iliyokamilika hukaguliwa pamoja na wanaoihitaji. Namna ya kuiandika na kuijaribu programu yenyewe, Scrum haisemi. Kimya hicho ni cha makusudi, wala si ruhusa ya kutojali.

Na ichukuliwe programu ya kukokotoa wastani wa alama za shule. Mwanafunzi amepata 40 na 60, na mtihani wa tatu hakuufanya kwa sababu ya ugonjwa. Wastani wake ni 50, wala si 33. Katika awamu ya pili mtungaji mmoja analisahihisha jambo hilo. Katika awamu ya tano mwenzake anaongeza somo jipya, na bila kujua anarudisha kosa lile lile. Mikutano yote ilifanyika kwa wakati, na bado mtoto ameandikiwa 33.

Beck alitaka jaribio liandikwe kwanza, kabla ya maagizo ya programu, na kompyuta yenyewe iliendeshe upya kila yanapofanyika mabadiliko. Hapo kosa lingejulikana siku ile ile. Alitaka pia watungaji wawili wakae kwenye mashine moja. Wakubwa wa kazi huona huko ni kulipa mishahara miwili kwa kazi ya mmoja. Hawahesabu siku zinazopotea baadaye katika kuwinda makosa. Ward Cunningham, naye wa Snowbird, alikwisha kuifananisha kazi ya harakaharaka na deni lenye riba mwaka 1992.

Lakini mbinu hizo nazo hazijitoshelezi. Mradi wa mishahara wa kampuni ya Chrysler, ambamo Beck alizikuza kuanzia mwaka 1996, ulifutwa mwaka 2000.

Shuleni, programu ikifanya kazi siku ya kuonyeshwa, alama zote hutolewa. Ingefaa mwalimu adai majaribio pamoja na programu, kisha baada ya wiki mbili abadili sharti moja na kuwapa wanafunzi siku moja tu ya kurekebisha.