Insha 80 Mbele ya Mwalimu Mmoja

Mwezi wa Januari mwaka wa 2003, serikali ya Rais Mwai Kibaki ilipofuta karo katika shule za msingi za umma, idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 katika muda wa mwaka mmoja. Walimu hawakuongezeka kwa kadiri hiyo. Tangu mwaka wa 1998 serikali ilikuwa imesimamisha uajiri mpya, na baadaye Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC) ikaruhusiwa kuziba tu mapengo ya waliostaafu, waliofariki au walioacha kazi. Mlango wa watoto ulifunguliwa, wa walimu ukabaki umeshindikwa. Hapana mwenye insafu atakayelaumu hatua ya kuwapokea watoto wa maskini. Lawama ni ya waliodhani kwamba mwalimu wa wanafunzi 40 aweza kuwafundisha 80 kwa kukaza bidii tu.

Somo la Kiswahili ladhihirisha madhara hayo kuliko hotuba yoyote. Katika mtihani wa KCSE, karatasi ya kwanza kati ya tatu za Kiswahili ni ya insha, na insha haina njia ya mkato. Sharti mwanafunzi aandike, mwalimu asome, asahihishe upatanisho wa ngeli na tahajia, arudishe daftari, kisha mwanafunzi aandike tena. Mwalimu akitumia dakika 5 kwa kila daftari, darasa la wanafunzi 80 litamchukua dakika 400, yaani saa 6 na dakika 40, nje ya vipindi vyake. Mwenye mikondo 3 ya namna hiyo atahitaji saa 20 kwa zoezi moja tu! Atafanyaje basi? Atatoa insha moja kwa muhula, au atatia alama ya vyema pasipo kusoma, au ataikwepa kabisa kwa maswali ya kujaza mapengo. Na mazungumzo je? Kipindi cha dakika 40 kikigawanywa, kila mwanafunzi hupata nusu dakika, hata kama mwalimu mwenyewe hatafungua kinywa. Kisha, makongamanoni, lawama yote hutwikwa Sheng.

Wastani wa kitaifa nao huficha mengi. Baada ya mashambulizi ya kigaidi, kama lile la basi la Mandera la Novemba 2014, walimu wengi wasio wenyeji walikataa kurejea Kaskazini Mashariki. Mwaka wa 2020, kufuatia mauaji mengine, TSC yenyewe iliwaondoa wengi kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Shule zilizobaki na mwalimu mmoja au wawili hazisaidiwi chochote na hesabu ya jumla iliyopigwa Nairobi.

Tatizo lilijirudia katika ngazi ya juu. Tangu mwaka wa 2018 serikali ilisisitiza kwamba kila aliyemaliza shule ya msingi aingie sekondari, na sekondari ya chini ilipoanza Januari 2023, ilitegemea sana walimu wa mafunzo ya kazini, waliokuwa na shahada au diploma lakini wakilipwa posho. Walimu hao waligoma Mei 2024, na ajira ya kudumu ikawafikia wengi wao Januari 2025. Ni ajabu kwamba taifa lenye maelfu ya wahitimu wa ualimu wasio na kazi hulia uhaba wa walimu.

Watetezi wa serikali husema fedha hazitoshi. Huenda ni kweli, ila wazazi wengi huulipa uhaba huo wenyewe, kwa kuchanga mishahara ya walimu wanaoajiriwa na bodi za shule, jambo ambalo shule ya matajiri hulimudu na ya vibarua haliwezi. Vyama vya Kiswahili vyuoni hujadili istilahi na sera ya lugha kwa ari kubwa. Vingefaa pia kudai idadi ya juu kabisa ya wanafunzi katika darasa la insha, na kuitaja kwa tarakimu.