Mnashusha magari, lakini nani anapima?

Haya wasomaji wangu, leo hakuna programu. Najua kuna mliokuja kutafuta sehemu ya pili ya yale mambo ya hifadhidata niliyowaahidi, na itakuja, lakini nina hasira na nisipoitoa leo nitaipeleka kazini Jumatatu. Leo ni gari. Msikimbie, kosa lenyewe ni lile lile tunalofanya kwenye kompyuta kila siku.

Nina Subaru Impreza ya 2005. Mwaka jana nikashikwa na ugonjwa unaoshika vijana wengi Nairobi wakipata hela kidogo: nikanunua koilova. Kwa wasiojua, koilova ni shokabsoba na springi vilivyofungwa pamoja kama kitu kimoja, na mwili wake una nyuzi kama za bolti, kwa hivyo unaweza kuinua au kushusha gari kwa kuzungusha pete. Zangu zilikuja na pleti za kemba pia. Kemba (siyo kamba, ingawa kamba itaingia baadaye) ni jinsi gurudumu linavyolala ukilitazama kwa mbele. Juu likiingia ndani, tunasema kemba ni hasi. Pleti inakaa pale juu kabisa, chini ya boneti, na ina mipenyo mirefu inayokuruhusu kusogeza kichwa cha shokabsoba kuelekea injini au kuelekea nje.

Nilivipeleka vyote kwa gereji moja ambayo sitaitaja. Saa mbili na nusu gari lilikuwa limeshafungwa. Fundi akapiga magoti mbele, akafumba jicho moja, akatazama gurudumu la kushoto, akatazama la kulia, akasimama akajipangusa mikono. "Kaka, iko sawa kabisa." Nikalipa. Nikapiga picha tatu. Gari lilikuwa limekaa chini vizuri, siwezi kudanganya.

Kilomita elfu tatu baadaye nilikuwa Gilgil na dada yangu na mtoto wake, tukielekea Nakuru, nikasimama kuziba pancha ya nyuma. Yule fundi wa pancha, mzee wa makamo, hakuanza na pancha. Alipitisha kiganja nyuma ya tairi la mbele kushoto, upande wa ndani ambao huwezi kuuona umesimama, akaniita. "Kijana, njoo ushike hapa." Nikashika nyaya. Mpira ulikuwa umeisha, nyaya zimetokeza, na upande wa nje tairi bado lilikuwa na meno kama jipya. Akaniuliza nilikuwa nakimbia ngapi pale Naivasha. Sikumjibu, maana dada yangu alikuwa anasikiliza.

Niliporudi nilipeleka gari kwenye mashine ya alainimenti, nikaomba wanipe namba kabla hawajagusa chochote. Kemba ya kushoto ilikuwa hasi digrii 3.1. Ya kulia, hasi 1.4. Na tou, yaani jinsi magurudumu yanavyoelekeza vidole vyake ndani au nje, ilikuwa milimita 6 nje kwa jumla. Hebu tupige hesabu, maana sisi ndio watu wa hesabu. Milimita 6 zikigawanywa magurudumu mawili ni 3 kila moja, kwenye rimu ya inchi 17, ambayo ni milimita 432. Tatu kwa 432 ni karibu 0.007. Yaani kila kilomita unayokwenda mbele, kila tairi linavutwa ubavu mita 7. Kilomita 3,000 ni kama kilomita 21 za kuburutwa kando kwenye lami! Hiyo ni hesabu ya karatasi tu, lakini tairi langu lilikuwa limeikubali. Kumbuka pia kwamba watu wengi hulaumu kemba peke yake. Kemba inaegemeza kazi upande wa ndani, ni kweli, lakini tou ndiyo msasa wenyewe.

Ilitokeaje pleti zote mbili zikiwa katikati na namba zikapishana hivyo? Hapa ndipo nilipokasirika zaidi. Kwenye Impreza hii, strati ya mbele imeshikwa kwenye kitovu cha gurudumu kwa bolti mbili, na ile ya juu si bolti ya kawaida. Ina kichwa chenye kona, ukiizungusha inasogeza kemba. Ndiyo marekebisho ya kiwandani. Mtu mwenye chaki angeweka alama kabla ya kuitoa. Hakuna aliyeweka. Kwa hivyo nilikuwa na marekebisho mawili ya kitu kimoja, moja juu na moja chini, na la chini liliachwa popote lilipoangukia. Waandishi wa programu mnaijua hali hii: mafaili mawili ya mipangilio yanayotawala kitu kimoja, unahariri la kwanza siku nzima huku la pili linakucheka.

Sasa hoja yangu ni hii, na najua itawaudhi baadhi yenu. Kitu kinachorekebishika bila kupimwa ni kibaya kuliko kitu kisichorekebishika kabisa. Strati ya kiwandani haikupi uhuru mwingi, lakini ule mdogo ulioachwa ulichaguliwa na watu waliopima. Ukinunua koilova umeifukuza ile timu yote kazini na kujiajiri wewe mahali pao. Vizuri. Basi fanya kazi yao! Mnanunua bidhaa kwa sababu boksi limeandikwa "viwango 32 vya ugumu" na hamjui cha kwanza kinafanya nini tofauti na cha kumi.

Na si tairi tu. Impreza, kama magari mengi, inatumia mpango wa strati uliobuniwa na Mmarekani Earle MacPherson miaka ya 1940. Ni mpango rahisi na mzuri, lakini una tabia zake. Mkono wa chini unaoshika gurudumu unatakiwa uwe umelala au umeinama kidogo kuelekea gurudumu. Ukishusha gari sana, mkono unapanda kuelekea gurudumu. Kuanzia hapo, kila gari linapobonyea zaidi kwenye kona, kemba hasi inapungua badala ya kuongezeka, wakati ule ule unapoihitaji. Kingine, ile nukta ambayo mwili wa gari unayumbia inashuka haraka kuliko uzito wenyewe ulivyoshuka, kwa hivyo gari lililo chini linaweza kutaka kulala zaidi kwenye kona, na unalazimika kutia springi ngumu kulizuia. Tairodi nazo zimebadilika pembe, ukipita shimo usukani unajipinda wenyewe kidogo. Halafu mtu anakuja anasema pleti za kemba zitatengeneza. Tunaharibu kwa mkono mmoja, tunanunua dawa kwa mwingine.

Mtaniambia habari za mbio. Sawa, tuzungumze mbio. Richard Burns alishinda Safari Rally mwaka 2000 hapa hapa Kenya kwa Impreza, na Colin McRae alikuwa ameshinda 1997 kwa Impreza pia. Magari yale ya Safari yalikuwa yameinuliwa, si kushushwa, na shokabsoba zake zilikuwa na safari ndefu ya kupanda na kushuka kwa sababu walijua wanakwenda wapi. Wale wa mbio za lami, ambao kweli wanatumia kemba hasi ya digrii 3, wanapima joto la tairi ndani, katikati na nje kila wanaporudi pitini, ndipo wanagusa pleti. Hakuna hata mmoja wao anayefumba jicho moja.

Nilirudi kwa yule fundi. Nilitaka ugomvi, lakini alinijibu vizuri kuliko nilivyotarajia. "Boss, nikiwaambia wateja waende alainimenti wanasema nataka kuwala pesa. Wewe mwenyewe ulisema una haraka." Nilisema hivyo, kweli. Nilitumia mshahara mzima kununua vyuma nikashindwa kuongeza kiasi kidogo cha kupimisha, kwa hivyo lawama hii tunagawana. Lakini bado namuuliza, na nawauliza wote wenye gereji: daktari akikosa kipimo kwa sababu mgonjwa hataki kulipa, anasema "uko sawa kabisa"? Angesema tu "sijapima." Neno moja. Nisingefika Gilgil na nyaya.

Mara ya pili nilifunga mwenyewe, na rafiki yangu, siku mbili nzima. Nitawaeleza kwa ufupi, si kwa sababu mimi ni makanika bali kwa sababu hii sehemu hakuna anayeiandika kwa lugha yetu. Kabla ya kutoa kitu chochote tulipima urefu kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, pembe zote nne, tukaandika. Tuliweka alama ya rangi kwenye zile bolti zenye kona. Gari lilikaa juu ya stendi, siyo jeki. Ile nati ya katikati juu ya strati ya zamani HAIGUSWI gari likiwa hewani na springi imebanwa. Ndiyo inayozuia springi isiruke, na springi ikiruka haikuulizi jina. Unalegeza zile nati ndogo za pembeni tu, strati inatoka nzima. Nati hizo za pembeni hazitaki nguvu za mtu wa mjengo, nyuzi zake ni ndogo, tumia spana ya kupimia nguvu na namba za kitabu. Bolti za mkono wa chini, kama umezigusa, zikaze mwisho gari likiwa limesimama kwa miguu yake, la sivyo mipira ya bushi itaishi imepindwa mpaka ikatike.

Halafu tukaendesha kidogo, springi zikae. Tukaweka urefu, nikiwa nimekaa ndani na mafuta nusu tangi. Kisha kemba, kwa kifaa cha pembe kilichobanwa kwenye rimu (kwa rimu yangu digrii moja ni kama milimita saba na nusu kati ya juu na chini, unaweza hata kutumia timazi). Tou huwa ya mwisho daima, kwa sababu ukisogeza kemba tou nayo inahama. Hapa ndipo kamba ikaingia: uzi wa kuvulia samaki, umevutwa sambamba na gari pande zote mbili, unapima mbele na nyuma ya rimu. Nilipofika kwenye mashine kuhakikisha, tulikuwa tumekosea milimita moja. Kemba niliiacha hasi digrii 1.5 pande zote, tou sifuri, na gari nimelipandisha sentimita tatu kutoka pale lilipokuwa kwenye zile picha. Halipendezi kama zamani.

Na bado kuna gharama hamkuambiwa. Pleti hizi zimeondoa ule mpira wa kiwandani na kuweka beringi ya chuma tupu, na beringi hiyo inakula vumbi letu na matope yetu. Yangu ya kulia imeanza kugonga kila nikipita tuta, ka-ka, kabla ya mwaka kuisha.

Kwa hivyo kama una koilova, usinitumie picha. Nitumie ile karatasi ya mashine yenye namba za kabla na za baada, na ukienda gereji waambie mapema kwamba bila karatasi hakuna malipo. Wakikataa, ondoka na vyuma vyako kwenye buti. Jumamosi nafungua upande wa kulia kubadilisha beringi. Aliye Nairobi na angependa kuona uzi unavyotandazwa anaandikie, naleta stendi nne na chai.