Ramani Zilizofichwa Kashani

Mwaka 1587, mjini Milan, Urbano Monte alichora kwa mkono ramani ya ulimwengu mzima katika karatasi 60. Nia yake ilikuwa karatasi hizo ziunganishwe ziwe duara moja kubwa, lizungukalo juu ya ncha ya kaskazini. Nakala moja, iliyojalidiwa kama kitabu, ilifika mwaka 2017 mikononi mwa David Rumsey, Mmarekani aliyeanza kukusanya ramani kuukuu miaka ya 1980. Karatasi zikapigwa picha moja moja, picha zikaunganishwa katika kompyuta, na duara alilolikusudia Monte likaonekana, bila karatasi hata moja kutiwa gundi.

Kazi kama hii haimalizwi na mtu mmoja. Rumsey aliikabidhi hazina yake kwa maktaba ya Chuo Kikuu cha Stanford, ambayo mwaka 2016 ilifungua kituo cha ramani chenye jina lake. Mkusanyaji anacho kitu chenyewe. Maktaba inayo mitambo, wataalamu, na umri upitao umri wa mwanadamu. Leo mwanafunzi mwenye simu aweza kuzitazama ramani hizo bila malipo.

Nasi pwani tunao mfano ulio karibu na huo. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ilipigwa picha kupitia mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini. Sharti la mpango huo ni kwamba nakala asili haitoki katika nchi yake.

Sharti hilo lawafaa walioachiwa na wazee wao makasha yenye ramani za mashamba, hati na barua. Mara nyingi ufunguo wa kasha huwa kwa mama wa nyumba, naye huogopa kwamba kitakachotoka hakitarudi. Hofu hiyo si ya kubezwa. Lakini unyevu na mchwa navyo havingoji.

Basi ajapo mtu wa maktaba, mapatano yaandikwe kabla kasha halijafunguliwa: nakala asili ikae wapi, familia ipewe picha zote, jina la mwenye mali litajwe, na ijulikane nani ataruhusiwa kuzitumia picha hizo na kwa masharti gani. Akikubali kutia saini, afunguliwe. Akisita, kasha na libaki limefungwa mpaka aje mwingine.