Uzi wa Rakhi na Hukumu ya Wataalamu

Yako maneno yasemwayo mara kwa mara na wataalamu wa mashairi, nayo hayana budi kujibiwa. Husema kwamba shairi lililotungwa kwa ajili ya sikukuu, au kwa mapenzi ya ndugu, au kwa kuipenda nchi, ni shairi la daraja ya chini. Siku ikipita, na shairi limekwisha. Hukumu hii hukatwa kwa wepesi mkubwa juu ya mashairi ya Kihindi ya karne ya 20. Washairi wa Chhayavad, walioimba siri za nafsi na za maumbile, hupewa kiti cha mbele, na Subhadra Kumari Chauhan huachiwa watoto wa shule.

Siupingi ukuu wa Chhayavad, nakipinga kipimo. Maana kama mambo ya nyumbani ni madogo mno kwa ushairi, tutaliweka wapi Saroj Smriti, shairi ambalo Nirala, naye mmoja wa hao wakuu, alimwombolezea binti yake katika 1935, akikiri umaskini wake na kushindwa kwake kumfaa mtoto? Wataalamu hao hao hulivulia kofia. Basi nyumba si ndogo anapoilia Nirala, bali huwa ndogo anapoiimba mwanamke siku ya rakhi!

Na atazame mwenye kutaka haki shairi la Chauhan liitwalo Rakhi ki Chunauti, yaani changamoto ya rakhi. Rakhi ni uzi ambao dada humfunga kaka yake mkononi siku mbalamwezi inapotimia katika Shravan, mwezi wa mvua, naye kaka hupaswa kumlinda. Ni siku ya furaha, ya vitu vitamu na zawadi. Chauhan hakuipamba desturi hiyo. Aliondoa kitu kimoja tu, nacho ni mkono. Uzi upo, dada yupo, kaka yumo gerezani kwa ajili ya nchi. Tangu hapo uzi na pingu huwa jirani, na dada, badala ya kuomba ulinzi, anawadai ndugu wengine nao wakubali kufungwa. Kiswahili chetu, ambacho kwa neno moja la kufunga husema uzi na gereza, kingelifahamu shairi hili upesi kuliko lugha nyingi. Hii si sifa ya nchi, ni deni. Na mdai wa nyumbani ni mgumu kumkwepa kuliko msemaji wa jukwaani. Wala mtunzi hakuwatuma watu mahali asipokwenda mwenyewe: alikamatwa Nagpur katika 1923, akafungwa tena katika 1942.

Tarehe 13 Aprili 1919, siku ya sikukuu ya Baisakhi, askari wa Dyer waliupiga risasi umati uliokusanyika Jallianwala Bagh, Amritsar. Serikali yenyewe ilihesabu maiti 379. Wahindi walisema ni zaidi sana. Chauhan aliandika juu ya bustani hiyo, lakini hakusema na Dyer. Alisema na majira ya kuchipua, mfalme wa majira katika ushairi wa Bara Hindi, akamwomba aingie polepole, bila kelele, kama aingiavyo mtu penye msiba. Nani atathubutu kusema kwamba siku ya shairi hilo imepita?

Nakiri kwamba yapo mashairi ya 15 Agosti yanayostahili dharau yote: nchi ni mama, bendera inapepea, na hakuna anayewiwa kitu na mtu. Tena iko mikono inayomdhuru Chauhan kwa kumpenda, nayo ni ile inayowakaririsha watoto Jhansi ki Rani mpaka ulimi ukaenda peke yake pasipo akili. Lakini kosa la kasuku si kosa la mtunzi. Wataalamu na waliweke Rakhi ki Chunauti kando ya Saroj Smriti katika somo moja, siku moja, kisha wawaulize wanafunzi lipi kati ya hayo mawili ni la daraja ya chini, na kwa sababu gani.