Mbwa akiunguruma, usimpige (Sehemu ya 7)

 Leo tupumzike kidogo na mambo ya uji na kliniki. Wiki iliyopita niliweka picha ya paka wetu amelala juu ya hotpoti ya wali, nikapata ujumbe mwingi kuliko siku niliyowaandikia kuhusu kuharisha. Sawa, nimeelewa mnachopenda. Basi leo tuwaongelee hawa wanafamilia wenye mikia, ila ukianza soma mpaka mwisho, maana kuna jambo.

Kwetu hapa Morogoro wako wawili. Mbwa anaitwa Popi, wa kienyeji kabisa, rangi ya mchanga, sikio moja limesimama na jingine limelala. Paka ni jike, anaitwa Bibi, kwa sababu tangu akiwa mdogo anakutazama kama bibi anayeshangaa umevaa nini.

Popi ni mwizi wa ndala. Na haibi pea, hapana. Anaiba moja tu, anaipeleka nyuma ya choo, halafu anarudi kulala uso mtakatifu. Majirani wameshazoea, mtu akikosa ndala asubuhi anakuja kwetu moja kwa moja, hata hodi yenyewe inakuja na mguu mmoja uko peku. Bajaji inayonirudisha kutoka zamu ya usiku anaijua mlio wake, anasimama getini kabla sijafika. Zikipita nyingine kumi, hanyanyui hata kichwa. Halafu huyo huyo anayewatoa watu wazima jasho pale getini, radi ikipiga mara moja tu anaingia chini ya meza ya jikoni, anatetemeka mpaka vikombe vinagongana.

Bibi yeye hana muda na mtu. Ukimwita haji. Lakini fungua pakiti ya dagaa taratibuuu, yeye akiwa juu ya bati la jirani, kabla hujamaliza yuko miguuni. Akikamata panya hamli. Anamlaza mlangoni kwenye tambara la kufutia miguu, anakaa pembeni anasubiri ahsante. Baba Neema alimkanyaga mmoja alfajiri, hajavaa kitu mguuni (ndala alishachukua Popi). Yaliyosemwa siku hiyo siyaandiki hapa.

Nawasimulia haya ili mjue kwamba nawapenda wanyama hawa, msije mkasema nesi anawatisha watu wasifuge. Sasa nije kwenye lenyewe.

Neema alipokuwa na miaka mitatu, Popi alikuwa anakula ugali na vichwa vya samaki pale uani. Neema akamfuata, akachuchumaa, akanyoosha mkono kwenye sahani. Nadhani alitaka kumlisha. Popi akaacha kutafuna. Akakakamaa mwili mzima, kichwa kimeinama vilevile juu ya chakula, akamtazama mtoto kwa pembe ya jicho mpaka weupe ukaonekana. Kisha akaunguruma. Baba Neema alikuwa anafagia. Alimtandika Popi na mti wa ufagio, "Unamuungurumia mtoto wa nani wewe?" Popi akalia, akakimbia, chakula kikabaki. Na mimi, niseme ukweli, nilifurahi. Nikasema ndiyo, afunzwe adabu.

Haikupita muda mrefu, nikiwa zamu, akaletwa mtoto kama wa umri wa Neema. Ameng'atwa usoni, chini ya jicho. Mbwa ni wao, wamemfuga miaka. Wakati tunaosha kile kidonda, mama yake anatetemeka kuliko hata mtoto, akawa anarudia jambo moja: "Nesi, huyu mbwa hana shida. Hata kuunguruma haungurumi. Zamani alikuwa anaunguruma, tukamkomesha."

Tukamkomesha. Nilirudi nyumbani na neno hilo.

Mama yangu, hebu fikiria. Mbwa hana mdomo wa kusema "mtoto, sogea, unaniumiza." Anachoweza ni kukakamaa. Kugeuza uso pembeni. Kujilamba midomo wakati hakuna chakula, kupiga miayo wakati hana usingizi. Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza, ya upole, na sisi hatuyaoni, tena tunapiga picha tunacheka, "ona anavyopiga miayo mtoto akimkumbatia!" Akiona hujaelewa, anaongeza sauti, anaunguruma, anaonyesha meno. Kuunguruma ni yeye kukuomba umsaidie kabla hajafika pabaya. Ukimpiga kwa kuunguruma, hofu yake haijaondoka, hasira yake haijaondoka, umeondoa kengele tu. Siku nyingine ataruka hatua hiyo, ataenda kwenye meno moja kwa moja, na nyie mtasema amegeuka bila sababu.

Kwa hiyo msimamo wangu ndio huu, na najua akina baba wengi hamtaupenda: mbwa akiunguruma, usimpige. Mwondoe mtoto. Mwite kwa sauti ya kawaida au nenda ukamchukue, bila mayowe na bila kumrukia mbwa. Baadaye ndiyo ukae ujiulize mbwa alikuwa anakataa nini. Chakula? Usingizi? Ana kidonda mahali mtoto aliposhika? Ana watoto wachanga? Ukipata jibu, rekebisha hilo.

Sisi tulihamisha sahani ya Popi, sasa anakula nyuma ya jiko ambako Neema hapiti. Na mtoto tulimfundisha sentensi moja: Popi anakula, Popi hasemeshwi. Sasa hivi ana miaka minne, anawatangazia wageni kama mwenyekiti wa mtaa. Baba Neema mpaka leo anasema ufagio ulisaidia. Tumekubaliana kutokubaliana, lakini ufagio nimeuhamisha.

Wapo watakaoniambia, nesi, mbwa ni mlinzi, lazima awe mkali, mambo ya kumbembeleza ni ya kwenye tamthilia. Sikatai, mbwa wa kwetu ana kazi ya kulinda. Ila mbwa anayefungwa mnyororo alfajiri mpaka usiku, hajui harufu ya watoto wa nyumba yake, anarushiwa mawe na kila anayepita, huyo unamwita mlinzi? Siku mnyororo ukikatika hawezi kutofautisha mwizi na mtoto aliyefuata mpira. Popi analala kutwa, anabembelezwa, na bado mgeni wa usiku hapiti.

Na usidanganyike na mkia. Mkia unaotingishika ovyo pamoja na kiuno chote, hiyo ni furaha. Mkia uliosimama juu, umekaza, unatikisika kidogo kidogo, huyo hajafurahi hata kidogo.

Najua wasomaji wangu wengi wa Tanga na Zanzibar kwenu mbwa haingii ndani, paka ndiye mwenye nyumba. Na nyie mmo humu. Paka naye anasema. Masikio yakilala nyuma, mkia ukaanza kupiga sakafu huku na huku, ngozi ya mgongo inarukaruka, basi muda wa kubembelezwa umeisha. Watoto wetu wanamvuta mkia, wanamvisha nguo za mdoli, wanambeba kichwa chini, akiparua tunamtupa nje tunamwita paka mbaya. Bibi anavumilia kuvishwa kilemba dakika mbili. Ya tatu anaparua. Mimi nimeshamfundisha Neema kumvua kabla, na akishindwa akaparuliwa kidogo, tunaosha kwa sabuni, na Bibi haadhibiwi. Mtoto mchanga lakini ni habari nyingine: usimwache peke yake chumbani na mbwa wala paka, hata dakika ya kwenda kuepua chai, hata kama mnyama huyo ni malaika. Paka anapenda joto, atamfuata mtoto ndani ya chandarua.

Sasa sababu nyingine ya kuwajua vituko vyao, na hapa naomba umakini. Kichaa cha mbwa.

Ugonjwa huu dalili zake zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo. Nasema karibu kwa sababu ya utaalamu tu. Sisi tulioko wodini tunajua maana yake. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya visa vya binadamu vinatoka kwa mbwa, na katika kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nacho, karibu 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Ni hawa hawa wetu. Wafupi, uso wao uko usawa wa mdomo wa mbwa, na wakikwaruzwa kidogo wanaficha wasije wakachapwa.

Mnyama mwenye ugonjwa huu anabadilika tabia, ndiyo maana nakuambia umjue wako. Popi asipoiba ndala siku mbili, mimi nashtuka. Mbwa mkali akawa mpole ghafla, anajikunyata gizani, au mpole akaanza kuuma mawe na hewa. Sauti yake ya kubweka ikabadilika kama imekwama. Udenda unamtoka, hawezi kumeza, miguu ya nyuma inayumba. Hata mbwa mgeni anayekuja na urafiki wa ajabu, usiseme "jamani katupenda." Na paka pia anaambukizwa na anaambukiza, wengi hamjui hili.

Mtoto aking'atwa, au akiparuliwa na mnyama ambaye humwamini, au mate yamegusa kidonda: maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15. Angalia saa, maana dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani na mtoto atalia. Sabuni ya kipande ya kufulia inatosha kabisa. Usiweke kahawa, usiweke mafuta ya taa, usiweke majivu wala dawa ya meno, vyote hivyo nimeviosha kwenye vidonda vya watoto wa watu. Usifunge kwa kukaza. Halafu nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Zahanati nyingi ndogo hazina chanjo ya kichaa cha mbwa, yetu pia hatuna, kwa hiyo ukiambiwa hapa haipo usirudi nyumbani kulala, uliza ipo wapi ukaifuate. Sindano ni kadhaa kwa siku zilizopangwa, usiache katikati kwa sababu kidonda kimekauka. Kidonda kinaweza kupona kabisa, na ugonjwa ukaja baada ya miezi.

Na yule mbwa, kama ana mwenyewe na anaweza kufungiwa kwa usalama, msimuue kwa hasira. Mfungieni, mwite afisa mifugo. Akikaa siku 10 ni mzima kabisa, maana yake siku alipong'ata mate yake hayakuwa na ugonjwa huo, na daktari anaweza kuamua chanjo za mtoto zisimamishwe. Mkishamuua mkamfukia, hapo tunabaki kubahatisha. Ila chanjo mtoto anaanza, hatusubiri siku 10 ziishe.

Haya yote yanazuilika kwa sindano moja ya mbwa kila mwaka, au kadiri mtaalamu wa mifugo atakavyokupangia. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na sindano za mtoto, nauli, na siku za kazi ulizopoteza. Mtoto wa mbwa anaanza akiwa na miezi mitatu. Paka naye achanjwe. Popi tulimpeleka walipotangaza chanjo kwenye ofisi ya mtaa. Alisimama imara mpaka alipoona sindano, akajaribu kuingia chini ya meza ya afisa mifugo. Bibi tulimpeleka kwenye kikapu cha sokoni kimefungwa kanga, akapiga kelele njia nzima, watu wakadhani nimeiba mtoto.

Mmenijazia ujumbe pia kuhusu mjamzito na paka, kwamba mama mkwe amesema paka atolewe mimba isije ikaharibika. Hilo ni refu, nitaliandika Sehemu ya 8. Kwa leo usimtupe paka wako, kinyesi chake amwage mtu mwingine, kila siku, na wewe nyama uipike ikaive.

Sasa na nyie. Andika hapa chini jina la mbwa au paka wako, kituko chake kimoja, na tarehe aliyochanjwa mara ya mwisho. Kama tarehe huikumbuki, andika tu jina na kituko, halafu kesho asubuhi mpigie afisa mifugo wa kata yako.