Behewa la Kopo na Rula

Mtoto wa Magomeni huunda behewa kwa kopo, waya na vizibo vya soda. Mwalimu hulisifu, kisha hulifungia kabatini. Hapo, kwa maoni yangu, somo huuawa. Mpe mtoto rula! Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000, TAZARA 1,067, reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, 1,435. Kwa skeli ya 1:20 apate 50, kisha 53 na 72 kwa kukadiria. Tofauti ya milimita tatu ni kama si kitu, lakini ndiyo iliyolazimu kujengwa kituo cha kuhamishia mizigo Kidatu. Aliyekunja ekseli kwa mkono wake ataelewa kwa nini. Rangi apake akishapima.